Kamati za harusi zijifunze kupima pombe

MIEZI ya Agosti na Desemba ndiyo yenye shughuli nyingi za harusi, posa na mahari humu nchini. Shule zimefungwa, jamaa wa mbali wamerejea nyumbani, na kila Jumamosi kuna kamati inayokutana katika sebule ya mtu kujadili mahema, viti, wapishi, magari na keki.

Katika mikutano hiyo mambo hujadiliwa kwa makini. Mpishi huulizwa atapika kilo ngapi za mchele na atachinja mbuzi wangapi. Mwenye mahema huambiwa idadi kamili ya viti. Lakini suala la pombe likifika, makini yote hutoweka. Mmoja husema kreti 10, mwingine husema 15, na mwenyekiti, akiogopa kuonekana bahili mbele ya wakwe, huandika 20. Hakuna anayeuliza ni nani atakayezinywa.

Nionavyo, swali hilo ndilo linalogusa afya ya wageni kuliko lolote lingine linaloulizwa katika kikao kizima. Mchele ukizidi, majirani watabeba. Keki ikizidi, watoto wataila kesho. Pombe ikizidi, hutafutiwa mnywaji usiku huo huo, na mara nyingi mnywaji anayepatikana ni yule ambaye hakustahili kuiguswa.

Ninayasema haya nikiwa na dosari yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu hapa Nairobi. Tulitarajia wageni 100 katika sherehe ya jioni. Mimi ndiye niliyependekeza chupa nne za bia kwa kila mgeni, jumla chupa 400, yaani kreti 16 za chupa 25 kila moja. Nikaongeza chupa sita kubwa za pombe kali kwa ajili ya wazee na wageni wa heshima. Wanakamati walinipigia makofi.

Kufikia saa nne usiku, kreti tisa zilikuwa hazijafunguliwa. Mfawidhi wa sherehe akatangaza kwa kipaza sauti kwamba vinywaji bado vipo tele na kwamba hakuna ruhusa ya kuondoka. Vijana wakaanza kufungua chupa na kuzipanga mbili mbili juu ya kila meza, iwe zimeitishwa au hazikuitishwa.

Kwenye meza moja alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Alikuwa amemaliza miezi minane bila kuonja kileo, na tangu adhuhuri alikuwa akinywa soda. Mimi mwenyewe nilimwekea chupa mbele yake. Nikamwambia, "Shemeji, chukua moja tu, usituachie mzigo huu." Alikataa mara ya kwanza. Akakataa mara ya pili. Mara ya tatu, wenzake wakicheka, aliichukua.

Dada yangu alirudi nyumbani peke yake usiku ule. Mumewe alionekana Jumanne. Katika muda wa miezi mitatu alikuwa ameachishwa kazi yake ya udereva, na dada akawachukua watoto akaenda kukaa kwa mama. Nilipofika kumsalimu aliniuliza swali moja tu: "Kaka, kwani hizo kreti zilikuwa lazima ziishe?"

Sikuwa na jibu. Najua kwamba ugonjwa wa shemeji haukuanza na chupa yangu, na huenda angeanguka siku nyingine mahali pengine. Lakini siku ile aliangushwa na hesabu yangu mbaya na hofu yangu ya kurudisha kreti zilizojaa. Tangu hapo nimeitafakari hesabu hii, nami naomba msomaji aifuate pamoja nami.

Wanaokunywa ni wachache

Kosa la kwanza la kamati ni kudhani kwamba kila mgeni ni mnywaji. Utafiti wa kitaifa wa mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, uliofanywa mwaka 2022, ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya kila wanane walio na umri wa miaka 15 hadi 65 ndiye anayetumia pombe. Kwa wanaume ni mmoja kati ya watano. Kwa wanawake ni mmoja kati ya 20.

Kweli, karamu ya mjini haifanani na nchi nzima. Marafiki wa bwana harusi walio makazini huenda wakawa wanywaji kuliko wastani. Hata hivyo, tazama wageni wako mmoja mmoja. Kuna Waislamu. Kuna Waadventista na washirika wa Jeshi la Wokovu. Kuna waliookoka. Kuna akina nyanya ambao hawajaonja kitu maishani mwao. Kuna wajawazito na wanaonyonyesha. Kuna watoto wanaocheza chini ya meza. Kuna wagonjwa wanaomeza dawa. Na kuna watu kama shemeji yangu, ambao hawatakwambia kwa nini wanaagiza soda.

Kuzidisha idadi ya viti kwa chupa nne, kama nilivyofanya mimi, ni kuwahesabu hawa wote kuwa walevi. Chupa walizoandikiwa haziyeyuki hewani. Huwaelekea wanywaji waliopo, na hivyo yule aliyekusudia kunywa mbili hujikuta amewekewa nane.

Chupa moja ina nini ndani?

Kosa la pili ni kuhesabu chupa bila kujua zilivyo na nguvu. Bia ya nusu lita yenye alkoholi ya asilimia 4.2 ina gramu 16 na nusu hivi za alkoholi halisi. Chupa ya divai ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 12 ina gramu 71, kwa hiyo inalingana na bia nne na zaidi kidogo. Chupa ya pombe kali ya mililita 750, yenye nguvu ya asilimia 40, ina gramu zipatazo 237. Hizo ni sawa na bia 14.

Sasa rudi kwenye zile chupa sita kubwa nilizonunua kwa ajili ya wazee. Nilizichukulia kama pambo la meza kuu. Kumbe nilikuwa nimeongeza kiasi cha alkoholi kinachoshinda kreti tatu za bia, bila hata kukiandika kwenye hesabu ya vinywaji.

Hata kile kichupa kidogo cha mililita 250 ambacho vijana hukitia mfukoni kina gramu 79, yaani karibu bia tano. Kijana anayekimaliza kwa nusu saa nyuma ya hema amekunywa bia tano kwa nusu saa. Mwenye sherehe hatajua, kwa sababu macho yake yako kwenye kreti.

Pombe kali ina hila nyingine. Toti ya baa hupimwa kwa kikombe maalumu, lakini nyumbani hupimwa kwa jicho na kwa ukarimu. Mimina mara moja kwenye glasi ya maji, kisha upime ulichomimina. Utaona kwamba toti moja ya mwenye nyumba ni toti mbili au tatu za baa.

Ini halina haraka

Mwili huondoa alkoholi kwa mwendo wake, nao hauharakishwi. Kwa mtu mzima, ini huweza kushughulikia gramu zipatazo 7 hadi 10 kwa saa. Maana yake ni kwamba chupa moja ya bia ya nusu lita huchukua takriban saa mbili. Kahawa nyeusi haibadilishi jambo hili. Kuoga maji baridi hakubadilishi. Kupunga upepo dirishani hakubadilishi. Vitu hivyo humfanya mlevi awe macho, lakini hubaki mlevi vile vile.

Mtu anayeanza kunywa saa mbili usiku na kumaliza chupa sita ameingiza mwilini gramu 100 hivi. Kwa mwendo wa gramu 8 kwa saa, atahitaji zaidi ya saa 12. Akilala kidogo na kushika usukani saa kumi na moja alfajiri, akidhani pombe imekwisha, bado iko ndani ya damu yake. Ndiyo maana kile kifaa cha polisi cha kupimia pumzi, ambacho watu wamezoea kukiita alkoblo, humnasa mtu asubuhi akiwa amevaa tai na anaelekea kazini, naye huapa kwamba hakunywa siku hiyo.

Mwanamke na mwanamume wenye uzito mmoja hawalewi sawa. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo zaidi, hivyo chupa ile ile huleta alkoholi nyingi zaidi katika damu yake. Meza ya akina mama isipimiwe kwa kipimo cha meza ya vijana wa kiume.

Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu gramu 60 au zaidi katika kikao kimoja kuwa ni unywaji wa kupita kiasi. Chupa tatu za bia niliyoitaja ni gramu 50. Chupa nne ni gramu 66. Kwa hiyo kile kipimo chetu cha chupa nne kwa kila mgeni, ambacho kamati nyingi hukiona cha wastani, kimemvusha mgeni mpaka huo hata kabla hajaongezewa toti ya mzee.

Msomaji asinielewe vibaya kwamba chupa tatu ni salama. Mnamo Januari 2023 shirika hilo hilo lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa hakina madhara kwa afya. Pombe iliwekwa katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu mwaka 1988, na inahusishwa na saratani zisizopungua aina saba, zikiwemo za ini, ya matiti kwa wanawake, na ya umio, ambayo ni miongoni mwa zinazowasumbua sana Wakenya. Anayeweza kufanya sherehe bila pombe kabisa namsifu, na harusi nyingi za kanisani na za Kiislamu hufana bila tone moja. Maneno yangu ni kwa wale ambao wameshaamua kununua.

Hesabu ya wageni mia moja

Hebu basi turudie harusi ya mpwa wangu, safari hii kwa kutumia kalamu.

Wageni ni 100. Toa watoto na vijana ambao hawajatimiza miaka 18, tuseme 20. Hata Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi wanaiita Sheria ya Mututho, inakataza kuwauzia hao pombe. Wamebaki 80. Sasa wanakamati kutoka pande zote mbili wakae na orodha ya majina na kuwatoa wote wanaojulikana kwamba hawanywi. Nilipofanya hivyo baadaye kwa kumbukumbu, nilipata watu 45. Wamebaki 35.

Kati ya hao 35, wako watakaoendesha magari kurudi nyumbani. Tuseme 10. Hao wasiwekewe chupa katika hesabu. Mtu akisema kwamba dereva ataweza moja mbili, mjibu kwamba barabara haitofautishi. Wamebaki 25.

Sherehe ianze saa kumi na moja jioni na iishe saa nne usiku, yaani saa tano. Weka chupa tatu kwa kila mnywaji, kiasi kilicho chini ya ule mpaka wa gramu 60. Jumla ni chupa 75. Hizo ni kreti tatu.

Mimi nilinunua 16.

Kwa kuwa hakuna makadirio yasiyokosea, ongeza kreti moja ya akiba, iwekwe kando, isifunguliwe ila kwa idhini ya mtu mmoja aliyeteuliwa. Ikiwa kuna watakaopenda divai au pombe kali, usiongeze juu ya bia. Punguza bia. Ukinunua chupa moja kubwa ya pombe kali, ondoa chupa 14 za bia kwenye orodha. Ukinunua chupa moja ya divai, ondoa nne.

Kisha andika vinywaji vya watu wote, na hapo usibane mkono. Soda mbili kwa kila mgeni ni chupa 200, yaani kreti tisa za chupa 24. Maji yawe chupa ndogo mbili kwa kila mtu, na yafike mezani kabla ya bia. Anayekunywa pombe hupoteza maji mwilini, na mwenye kiu asiyeona maji huizima kiu yake kwa bia. Kuwe na maziwa, uji au chai ya tangawizi kufikia mwisho wa sherehe. Nimeona wazee wakiacha glasi zao mara tu birika la chai lilipopita.

Chakula nacho kiandaliwe mapema. Pombe inayoingia katika tumbo tupu hufika kwenye damu haraka kuliko ile inayokuta wali na nyama. Desturi ya kuwapa vijana bia wakati nyama bado iko motoni ndiyo inayowaangusha kabla ya keki kukatwa.

Hofu ya aibu

Najua pingamizi la kwanza. Nitaambiwa kwamba mgeni akikosa bia atakwenda akitangaza kwamba kwa fulani hakukuwa na kitu, na kwamba ni afadhali kubakiza kuliko kupungukiwa. Hofu hii si ya kuchekwa. Harusi hukusanya watu ambao watakuwa jamaa maisha yote, na maneno ya siku ile hudumu.

Lakini tuyapime maneno yenyewe. Nimehudhuria harusi nyingi, na sikumbuki mgeni aliyelalamika mwaka mzima kwa sababu alipata chupa tatu badala ya sita. Ninachokumbuka watu wakikisimulia miaka na mikaka ni wali uliokuwa mbichi, ni wakwe waliosahauliwa mahali pa kuketi, ni mjomba aliyetapika mbele ya mchungaji, na ni gari lililopinduka njiani. Kati ya hizo aibu nne, mbili za mwisho zilinunuliwa kwa fedha za kamati.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo uugue.

Wako pia wanaoitetea ziada kwa kudai kwamba ndiyo mila. Katika jamii zetu nyingi muratina na busaa zilikuwa za wazee, tena katika shughuli maalumu. Vijana walipewa uji. Pombe yenyewe ilichukua siku kadhaa kutengenezwa, na chungu kilipokauka, kilikauka. Hakukuwa na duka la kukimbilia saa sita usiku. Sidai kwamba zamani hakukuwa na walevi, kwani kila lugha yetu ina jina la mlevi. Ninachosema ni kwamba anayetaja mila na atuonyeshe pia kipimo chake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Nitaambiwa kwamba bia halali ikiisha, watu watatafuta ya haramu. Hilo ni kweli, na limewahi kuua. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mwaka 2014 maafa kama hayo yalizikumba kaunti kadhaa kwa mpigo. Februari 2024 yalirudi Kirinyaga, ambapo zaidi ya watu 10 walipoteza maisha.

Methanoli haina ladha wala harufu ya kumwonya mnywaji. Ndani ya mwili hugeuzwa kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Dalili zaweza kuchelewa saa 12 hadi 24, hivyo mtu huamka akidhani ana uchovu wa kawaida, kisha macho yakaanza kuona ukungu. Huyo apelekwe hospitali kubwa bila kusubiri, kwa maana tiba ipo iwapo atawahi.

Hata hivyo, hatari hiyo haiondolewi kwa kununua kreti 16. Wanaokwenda kutafuta zaidi usiku wa manane si wale waliokunywa tatu wakala wakashiba. Ni wale waliokwisha kunywa nane na ambao akili haiwazuii tena. Dawa yake ni kutangaza saa ya kufunga mapema, kuandika saa hiyo kwenye kadi ya mwaliko, na kuwa na gari linalosubiri mlangoni. Zaidi ya hayo, kamati inunue kwa muuzaji mwenye leseni, na kila chupa ya pombe kali ikaguliwe kama ina stempu ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, kabla haijapakiwa.

Fedha zilizobaki

Kutoka kreti 16 hadi nne ni kreti 12. Kila mweka hazina anajua bei ya kreti siku ya leo, na aizidishe mwenyewe. Fedha hizo zatosha kukodi matatu ya kuwarudisha wageni makwao, na huenda zikabaki za kumlipa kijana wa kulinda magari yatakayolala hapo.

Kama kamati bado ina wasiwasi, izungumze na muuzaji wa jumla kabla ya kulipa. Wako wengi wanaokubali kurudishiwa kreti ambazo hazijaguswa, mradi mmeafikiana mapema na chupa zote zipo. Kurudisha si aibu. Mwenye mahema huchukua mahema yake, na hatumcheki.

Kamati iteue pia mtu mmoja, mwanamume au mwanamke asiyekunywa, awe mwangalizi wa vinywaji. Kazi yake si kuwanyima watu. Ni kuhakikisha kwamba chupa haifunguliwi mpaka imeitishwa, kwamba glasi zenye mabaki zinaondolewa mezani kabla watoto hawajazimaliza, na kwamba hakuna anayebembelezwa. Chupa iliyofunguliwa na kuwekwa mbele ya mtu haiwi tena chaguo lake. Imekuwa deni.

Mwangalizi huyo ajue dalili za mtu aliyezidiwa. Mlevi asiyeamka hata akitikiswa, anayepumua polepole kwa vipindi, ambaye ngozi yake imekuwa baridi au imegeuka rangi midomoni, au anayetapika hali amelala, hatakiwi kuachwa "alale zimtoke". Alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimkabe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali. Wengi waliokutwa wamekufa asubuhi walikuwa wamefunikwa blanketi na marafiki waliowapenda.

Awe macho pia kwa wagonjwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini aweza kuishiwa sukari mwilini baada ya kunywa, na watu wakadhani amelewa tu. Anayetumia dawa za kifua kikuu huliongezea ini lake mzigo. Mwenye kifafa hujiweka karibu na mshtuko. Hawa hawatasimama kutangaza maradhi yao mbele ya wakwe. Watasema tu, "Niletee soda." Jibu la pekee la adabu kwa maneno hayo ni kuleta soda, bila kuuliza kwa nini, na bila mzaha.

Shemeji yangu sasa yuko katika mwaka wa pili bila kunywa. Dada alirudi nyumbani na watoto, na yeye amepata kazi nyingine. Hanilaumu. Mwaka uliopita tulikuwa na shughuli ya kupeleka mahari kwa niaba ya kijana mwingine wa ukoo, na kamati ikaniteua tena kuwa mweka hazina. Nilileta orodha ya majina na kalamu nyekundu. Wazee wawili walinuna. Tulinunua kreti nne, na tatu ndizo zilizofunguliwa.

Saa tatu na nusu usiku matatu ilikuwa mlangoni na chai ilikuwa ikimiminwa. Shemeji aliketi karibu na jiko akiwasaidia vijana kugawa vikombe. Mzee mmoja, kwa mazoea tu, alimnyooshea chupa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Safari hii nilimpokea mzee ile chupa, nikamwekea kikombe mkononi.

Mwenyekiti wa kamati unayesoma haya, mkutano wenu ni Jumamosi ijayo. Mkifika kwenye suala la vinywaji, kabla hujaandika tarakimu yoyote, waombe wanakamati wakutajie majina.